Nyumba Nne na Katoni Moja

Nilimpiga kofi mwanangu mbele ya wazungu wawili, nyuma ya soko, saa kumi alasiri, na hakuwa na kosa lolote. Wenye makosa walikuwa pembeni, wamevaa fulana za rangi moja. Mkono wangu ukawapita wote, ukaenda kutua kwenye shavu la mtoto wa miaka minane aliyelala chini kwa sababu ameambiwa alale.

Nilikuwa natoka kazini. Mimi ni dobi katika hoteli moja ya ufukweni. Tangu alfajiri nilikuwa nafua shuka na kupiga pasi foronya, vidole vimekunjamana kwa maji ya sabuni. Hupenda kukata njia nyuma ya soko, pale wanawake wa mboga wanapotupa majani ya kabichi, kwa sababu ni karibu na hakuna wa kunisimamisha kwa maongezi. Siku hiyo niliona kwanza viatu. Viatu vyeusi vya ngozi, vimepangwa vizuri kando ya ukuta, soksi zimekunjwa ndani. Viatu vile navipaka rangi mimi kila Jumapili. Nikajiuliza vinafanya nini pale. Kisha nikaiona miguu yenyewe. Ilikuwa imepakwa vumbi mpaka magotini, na lilikuwa vumbi la kupakwa, si la kucheza. Mama anajua tofauti.

Alikuwa amelala ubavu juu ya katoni, magoti ameyakunja, macho ameyafumba kwa nguvu vile watoto wafumbavyo wakijifanya wamelala. Sare ya shule ilikuwa imevuliwa, amevalishwa gauni nisilolijua, lenye tundu begani. Mzungu mwanamume alikuwa amechuchumaa, simu ameishika karibu na uso wa mwanangu. Mzungu mwanamke alikuwa akilia. Na mratibu wa shirika la misaada linalomlipia mwanangu karo, mwanamke ambaye mtaa wote tunamwita Madam, alisimama nyuma yao amekumbatia faili.

"Inuka," nikasema.

Mwanangu hakufungua macho. "Mama, ngoja kidogo. Bado hawajamaliza."

Madam hakunitazama hata. Akawaambia wageni kwa Kiingereza kwamba mimi ni jirani, na kwamba akina mama wa soko ni watu wema, humtupia mtoto huyu jicho. Mimi nimemaliza kidato cha nne. Kiingereza nilipata B. Nilisikia kila neno.

"Nani jirani?" nikamuuliza.

"Mama, tafadhali. Tutaongea baadaye, usituharibie."

"Nani jirani hapa, Madam?"

"Mama," mwanangu akasema kutoka chini, macho bado kayafumba, "Madam amesema nikilala vizuri nitapewa baiskeli."

Hapo ndipo mkono ulipotoka.

Hakulia. Jambo hilo linaniuma hadi leo kuliko kofi lenyewe. Alifungua macho, akashika shavu, na mtu wa kwanza aliyemtazama si mimi, alikuwa Madam. Alikuwa anataka kujua kama baiskeli bado ipo. Yule mzungu mwanamke akamnyakua, akamgeuzia kifuani kwake, akanipa mgongo kama mtu anayemkinga kifaranga kwa mwewe. Akaniambia polepole, kama anavyoambiwa kiziwi, kwamba nione haya. Labda usiku uliopita alilalia shuka nililolipiga pasi mimi. Na simu ya mumewe, nikaona, ilikuwa bado inarekodi.

Niwaeleze sasa mwanangu analala wapi, maana swali hilo ndilo lililotufikisha nyuma ya soko.

Mwanangu ana nyumba nne. Ya kwanza ni chumba changu cha kupanga. Ya pili ni ya mama yangu, vichochoro viwili kutoka kwangu. Huko hulala siku nyingi za shule, kwa sababu mimi hutoka kabla ya jua na mama huamka kwa swala, kwa hivyo mtoto haendi shule bila chai. Ya tatu ni ya jirani aliyemnyonyesha. Nilipojifungua, ziwa langu moja lilifanya jipu na jingine likakataa, na jirani huyo alikuwa na mtoto wake mchanga. Akawanyonyesha wote wawili, mmoja kulia, mmoja kushoto. Tangu hapo ni ndugu wa ziwa, mwanangu hawezi kuolewa na mtoto yeyote wa jirani huyo, na Alhamisi mwanangu hulala huko bila ya mtu kuuliza. Ya nne iko Takaungu, kwa mama mzaa baba yake. Baba mwenyewe yuko Uarabuni, hututumia sauti kwa simu. Shule zikifungwa, mtoto hupelekwa Takaungu akarudi mnene, amejifunza matusi mapya.

Ana miswaki minne. Ana mito minne. Jua likitua, alipokula ndipo anapolala, na mtu hutumwa kuja kuniambia. Nililelewa hivyo, mama yangu alilelewa hivyo. Kwetu mtoto anayelala nyumba moja tu mwaka mzima tunamhurumia. Tunasema labda jamaa zake wamegombana.

Shirika lilipokuja kuandikisha watoto, walikodi ukumbi, wakaweka meza tatu na ramani ukutani yenye pini nyekundu: pini moja huku kwetu, nyingine Uganda, Ufilipino, Peru, sijui wapi tena. Tuliambiwa ni msaada kwa watoto wasiojiweza wa nchi zote hizo, na vijana wasio na makao. Foleni ilikuwa ya akina mama watupu, tumevaa mabuibui ya kutokea, watoto tumewapaka mafuta. Kila mtu alikuwa na bahasha: nakala ya kitambulisho, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, barua ya mzee wa mtaa. Bila bahasha hupiti mlangoni.

Mbele yangu kidogo aliingia msichana kama wa miaka kumi na saba. Kandambili mbili za rangi mbili, nywele zimeshikana, harufu ya mtu aliyelala kwenye moshi. Huyo sote tulimjua. Hulala nyuma ya soko, chini ya lile paa la bati wanapoweka magunia, tangu alipokuja mjini kutoka bara ya Mariakani akimkimbia mume aliyeozwa. Hakuwa na bahasha. Akasimama kwenye foleni kama sisi.

Akina mama wakaanza kujivuta. Mimi nilikuwa nyuma yake, na mimi ndiye niliyesema. "Wewe, hii foleni ni ya watoto walio na wazazi. Nenda kule."

"Kule wapi?" akaniuliza.

"Kule unakolala."

Wenzangu wakacheka. Nilifurahi kuwachekesha. Akatoka kwenye foleni taratibu, akapita mbele ya meza, na wale wa shirika walioandika mabangoni kwamba wamekuja kwa ajili ya wasio na makao hawakuinua hata uso.

Zamu yangu ikafika. Binti wa mezani alikuwa mtu wa bara, mpole, ana kalamu mbili. Akaniuliza jina la mtoto, umri, shule. Kisha: "Mtoto analala wapi?"

Nikacheka. Nilikuwa na hamu ya kumwonyesha vile mwanangu anavyopendwa. "Ah, dada, huyu? Huyu hulala popote usiku unapomkuta. Leo kwangu, kesho kwa nyanyake, keshokutwa kwa mama yake wa ziwa. Hata mimi mara nyingine sijui yuko wapi mpaka niletewe habari."

"Kwa hivyo hana mahali pamoja maalumu?"

"Hana!" nikasema, kwa majivuno kabisa.

Akaandika. Akanigeuzia karatasi, nikatia sahihi. Sikusoma. Nimesoma shule miaka kumi na miwili, na siku niliyotakiwa kusoma ukurasa mmoja sikusoma, kwa sababu ukumbi ulikuwa na joto na juu ya meza palikuwa na rundo la mikoba ya shule, nami nilikuwa naukodolea macho ule wa rangi ya samawati.

Mkoba tukapata. Viatu, vitabu, chakula cha mchana shuleni, na karo. Sitajifanya sikufurahi. Kila muhula mwanangu alichora picha ya kumpelekea "mama wa barua", yule mfadhili wa ng'ambo, na mama wa barua akamjibu kwa kadi zenye paka.

Siku moja ndani ya bahasha ya kadi mlikuwa na kijitabu cha shirika, chenye picha za rangi. Mama yangu ndiye aliyekifungua. Hajui kusoma Kiingereza lakini anajua kuiona baraza yake. "Njoo hapa," akaniita. "Huyu si wetu? Na hii si baraza yangu?"

Alikuwa ni wetu. Amelala kwenye baraza ya mama yangu baada ya chuo cha Kurani, msahafu wake umeondolewa kwenye picha ila leso ya kichwani imebaki. Watoto wote wa mtaa hulala pale mchana, upepo ni mzuri. Chini ya picha walikuwa wamempa jina jingine, na kwa Kiingereza wameandika kwamba msichana huyu hana nyumba, hulala popote usiku unapomkuta.

Maneno yangu. Nikayasoma mara tatu nikijisikia nikicheka pale mezani.

Kurasa nyingine zilikuwa na watoto wa nchi nyingine, kila mmoja amelala mahali: ngazini, kwenye kiti cha basi, juu ya katoni. Nikamtazama sana mmoja wa Ufilipino, kavaa shati safi mno. Nikawaza, mama yake huyu naye alikuwa kazini.

Nilikwenda ofisini kwa Madam. Yeye ni wa hapa hapa pwani, hawezi kusema hajui.

"Madam, mwanangu ana kwao."

"Najua, mama."

"Sasa mbona mmeandika hana?"

"Hiyo ni lugha ya wafadhili tu. Unataka niwaandikie kwamba ana nyumba nne? Wao wenyewe wana moja, na bado wanailipia mkopo." Akacheka. "Kwani mama, viatu havimtoshi?"

Viatu vilikuwa vinamtosha. Karo ya muhula ilikuwa imeingia. Nikarudi nyumbani nikamwambia mama yangu kwamba Madam atarekebisha. Mama akasema, "Umemuuza kwa soksi," akaendelea kukuna nazi.

Kijitabu kikazunguka. Mtoto wa mama mwingine alikuwa nacho, akakipeleka shuleni. Mwanangu akawa harudi tena akiimba. "Chokora wa wazungu," walimwita. "Leo unalalia katoni gani?" Mmoja, mtoto wa watu niliowahi kuwafulia bure walipofiwa, alimwekea gazeti juu ya dawati akamwambia, haya, jifunike. Nilimuuliza mwalimu kwa nini ananyamaza. Mwalimu akaniambia, "Si nyinyi wenyewe mlijiandikisha hivyo?"

Na bado nilivumilia. Nasema ukweli: ningevumilia mpaka darasa la nane. Kama wasingekuja wageni kutaka kuona mahali penyewe anapolala, ningekuwa navumilia hadi leo.

Maana wageni walipotaka kuona, Madam hakuweza kuwapeleka kwenye baraza ya mama yangu, mama angemmwagia maji. Kwa hivyo alimtoa mwanangu shuleni saa tisa bila kuniambia, akampeleka nyuma ya soko.

Siku ya pili baada ya kofi, Madam alikuja nyumbani kwa mama yangu. Nilikuwepo. Alikaa kwenye baraza, faili mapajani. Mama yangu akatoka na kikombe cha chai, akasimama nacho bila kumpa.

"Shikamoo, mama," Madam akasema.

"Hapo ulipokaa ndipo mtoto wetu anapolala nje, siyo? Angalia usishikwe na usingizi. Utaandikwa."

Madam akatabasamu kwa meno tu. Akanieleza mimi, taratibu, kama mtu anayesoma hukumu. Faili la mwanangu lilikuwa linasema hana makao. Sasa lina na video. Mtoto asiye na makao, na mwenye kupigwa, kwa utaratibu wao ni mtoto aliye hatarini. Shirika lina makao ya watoto Mariakani, pana vitanda na uzio. Shule zikifungwa, atahamishiwa huko. Nikitia sahihi kwa hiari, nitaruhusiwa kumtembelea mara moja kwa mwezi. Nikikataa, video itapelekwa kwa afisa wa watoto, na huko hawaulizi hiari.

"Madam," nikasema, "wewe unajua analala wapi. Umekunywa chai humu ndani siku ya Idi."

"Mimi najua. Faili halijui." Akashusha sauti. "Na mkono ni wako, mama. Mimi sikumpiga."

Mama yangu alikinywa kile kikombe mwenyewe, chote, mbele yake. Kisha akasema, "Ondoka kitandani kwa mtoto." Madam akaondoka, karatasi akaiacha.

Nilidhani mama atanipoza. Akanigeukia mimi. "Na mkono wako uliutoa wapi wewe? Mimi nilikupiga lini mbele za watu? Umewapa wanachokitaka. Walikuwa na mtoto asiye na nyumba, ukawapa na mama mbaya juu yake. Kamilisha basi, wape na jeneza langu."

Mwanangu alikuwa nyuma ya pazia, amesikia yote. Tangu siku hiyo alikataa kwenda kwa mama yake wa ziwa. Alhamisi ikafika, ndugu yake akaja kumwita, akakataa kutoka. "Nikilala kwingine wataniandika," akaniambia. Akaulizia baiskeli pia, mara moja, kwa sauti ndogo. Kisha akaniuliza: "Mama, wakija kuniuliza nalala wapi, nijibu nyumba gani ili nisiende Mariakani?"

Mtoto wa nyumba nne anataka nimchagulie moja ya kujitetea nayo. Niliingia chooni nikaufungua mfereji wa maji ili asinisikie nikilia.

Nilihitaji ushahidi. Mama yangu si shahidi, ni mama yangu. Jirani naye ataambiwa amepangwa. Nikakumbuka katoni. Nilipompiga mwanangu na yule mwanamke akamnyanyua, nilikuwa nimeona maandishi kwenye pembe ya katoni. Nikarudi nyuma ya soko asubuhi ya siku yangu ya mapumziko.

Yule msichana alikuwa ameikalia. Akaniona akacheka.

"Dada wa foleni," akasema. "Umeleta bahasha?"

Nikamwambia ninaomba kuiona katoni yake.

"Katoni yangu ina soko sana siku hizi. Madam alikuja akaniambia niipishe kidogo, nikakae nyuma ya choo mpaka wageni waondoke. Akanipa soda. Tena soda yenyewe moto." Akasogea, akanionyesha pembe. Kwa kalamu nyeusi, nene, palikuwa pameandikwa namba. Ilikuwa namba ya faili la mwanangu, ile ile iliyo kwenye kila kadi yenye paka. Watoto wengine wa ziara ile, akaniambia, nao walikuwa wamewekewa namba mahali pao, ili Madam asichanganye nani analala wapi.

"Uliona wakimlaza?" nikauliza.

"Niliona. Nilimwona akivuliwa sare, nikamwona akipakwa vumbi. Alikuwa anacheka, anasema anatekenyeka. Na wewe nilikuona. Kofi lako lina sauti."

"Utakuja na mimi ofisini useme hivyo?"

"Nikaseme mimi?" Alinitazama kutoka kandambili hadi kichwani, vile nilivyomtazama yeye ukumbini. "Wataniuliza nalala wapi. Wewe mtoto wako ana nyumba nne na wanamchukua. Mimi watanifanya nini? Si wewe uliniambia niende kule ninakolala? Basi niko. Niache hapa."

Nilimwomba radhi, na ilitoka vibaya, kama mtu anayedai kitu. Akasema radhi yangu hailaliki juu yake. Lakini nilipoinuka kuondoka akanitupia katoni miguuni. "Ichukue. Jina langu usiliandike. Na uirudishe leo. Sementi ni baridi."

Niliibeba kichwani mjini kote, mimi na buibui langu, watu wakiniuliza kama nahama.

Afisa wa watoto ni mzee wa makamo, ana kikohozi. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, kisha akaiona katoni, akaitazama kutoka pembe hadi pembe. Nikamweleza. Aliponisikiliza robo saa akavua miwani.

"Mtoto analala wapi?"

Ningeweza kusema kwangu, kila siku, kitanda kimoja. Ingekuwa rahisi. Nikamtajia nyumba zote nne, na siku zake, na miswaki. Akasikiliza, akakohoa, akasema hata yeye alilelewa hivyo, huko Sabaki, ila kwenye fomu ya serikali kuna mstari mmoja tu.

"Na kofi?" akauliza. "Wameshanipigia simu juu ya kofi."

"Kofi nilipiga."

"Ukiliandika utajiumiza. Usipoliandika wao wataliandika. Chagua." Akanisukumia karatasi na kalamu, akanionyesha benchi kando ya mlango. Niliandika hapo, katoni nimeiegemeza ukutani. Haya ndiyo niliyoyawasilisha, ila majina na namba nimeyaondoa.

KWA AFISA WA WATOTO

KUH: MALALAMIKO DHIDI YA SHIRIKA LILILOMWANDIKISHA MWANANGU KUWA HANA MAKAO

Mimi ni mama mzazi wa mtoto aliyetajwa hapo juu. Nalalamika ya kwamba shirika hilo limemtangaza mwanangu katika nchi nyingine kuwa hana nyumba, ilhali anazo nne, nami nimeziorodhesha pamoja na wenye nyumba hizo na siku anazolala. Nilipoulizwa analala wapi, nilijibu kweli, nikatia sahihi bila kusoma. Hilo ni kosa langu. Nilipogundua, nikamwambia mratibu, naye akakataa kurekebisha. Kwa kuwa mwanangu alikuwa anapata viatu na karo, nilinyamaza. Hilo pia ni kosa langu.

Nalalamika ya kwamba mratibu alimtoa shuleni bila idhini yangu, akamvua sare, akampaka vumbi, akamlaza juu ya katoni, akamwahidi baiskeli, akawaambia wageni kwamba mimi ni jirani.

Siku hiyo nilimpiga mwanangu kofi moja shavuni, kwa mkono wa kulia. Video wanayo na ni ya kweli. Naomba ofisi ije ituchunguze mimi na nyumba zote nne, siku yoyote, bila taarifa. Kama nastahili adhabu nipewe mimi. Asipewe yeye kwa kupelekwa Mariakani.

Naomba faili lake lirekebishwe, picha zake ziondolewe, na mfadhili wake aliyekuwa akiambiwa uongo ng'ambo aandikiwe ukweli. Viatu na mkoba tutarudisha. Baiskeli hatukupewa.

Nalalamika tena, ingawa si juu ya mwanangu. Siku ya kuandikisha alikuja ukumbini mtu asiye na makao kweli, akafukuzwa kwa kukosa bahasha. Aliyemfukuza ni mimi. Shirika lilimwona likanyamaza. Jina lake sitaliandika kwa sababu hakuniruhusu.

Kielelezo: katoni moja, yenye namba ya faili la mwanangu pembeni kwa kalamu nyeusi. Naomba ofisi iipige picha ibaki na picha. Katoni si yangu. Ina mwenyewe, na nimemwahidi kuirudisha leo kabla giza halijaingia.